Bluzi ya vipimo 12 kwenye ukulele

SWALI: Ukulele yangu (gitaa dogo la nyuzi nne) ina tyuni ya G, C, E, A. Kodi (sauti kadhaa zinazolia pamoja) za A7, D7 na E7 nimeshazikariri, lakini nikizipiga kwa zamu sisikii bluzi (muziki wa blues). Nakosea wapi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Kodi ni hizo hizo, umekosa mpangilio na mwendo. Bluzi ya kawaida ina vipimo 12, kila kimoja mapigo manne. Piga A7 vipimo vinne, D7 viwili, A7 viwili, kisha E7, D7, A7 na E7, kimoja kimoja. Hiyo E7 ya mwisho ndiyo inayokurudisha mwanzo. Ukitaka kumaliza, weka A7 mahali pake.

Mwendo ndio unaowakwamisha wengi. Pigo usiligawe nusu kwa nusu. Ligawe mara tatu, mkono ushuke kwenye sehemu ya kwanza na upande juu kwenye ya tatu. Tamka “taa-ta, taa-ta” huku vidole vya kushoto vimezizima nyuzi, mpaka mkono uzoee. Anza na mapigo 60 kwa dakika.

Kutoka A7 kwenda E7, kidole cha shahada hakiachi freti ya kwanza (nafasi kati ya vijiti vya chuma kwenye shingo ya ukulele): kinahama tu kutoka uzi wa C kwenda G. Cha kati kinakaa C freti ya pili, cha pete A freti ya pili. Uzi wa E usipolia, kidole kimojawapo kimeulalia. Kisimamishe kwa ncha.

D7 ya kubana nyuzi zote ikikuchosha, bonyeza G na E freti ya pili tu, C na A ziwe wazi. Inapendeza sana kwenye bluzi.