Mwanangu, umeuliza mbona dada yako nilimwambia na wewe nikanyamaza

Mwanangu,

Meseji yako ya Jumapili usiku nimeisoma kama mara nne hivi, mara ya kwanza nikiwa kitandani na zile zingine huku garaji nikiwa chini ya Probox ya mtu, hadi kijana ananisaidia kazi akaniuliza mzee kuna shida nyumbani. Uliandika: "Baba, dada ulimkalisha chini akiwa Form One mkaongea mambo ya wanaume na mimba na ukimwi, mimi mbona hukuwahi kuniambia kitu? Sasa msichana wangu anataka tukapime kabla ya kitu chochote na mimi naogopa, kuna mambo yalipita nikiwa kampasi. Nifanye nini?"

Nilitaka kukupigia lakini najijua, kwa simu ningeongea mambo ya mvua na bei ya unga halafu nikate. Kwa hivyo acha niandike, na nikiandika vibaya utanielewa.

Ukweli ni kwamba dada yako nilimwambia juu niliogopa tumbo. Msichana akiharibikiwa kila mtu anaona, shule inaona, kanisa linaona, mamako anaulizwa sokoni. Niliskia kwa redio utafiti wa taifa wa 2022 ulipata wasichana 15 kwa kila 100 wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kushika mimba, na nikiwa naskiza nikajiuliza hao vijana waliowapa hizo mimba wako wapi, mbona mtangazaji hawataji, halafu nikajiona mimi mwenyewe ni kama huyo mtangazaji, juu nyumbani kwangu mvulana sikumhesabu. Wewe niliona ni mwanaume, utajua mbele ya safari. Wewe umeshaanza kushika spana kwa hivyo utanielewa nikisema hivi, gari inayovuja oili nje unaona doa chini na unaita fundi, lakini ile inakula oili ndani kwa injini haionyeshi kitu, inaenda tu vizuri, inaenda, hadi siku inanoki Mau Summit usiku. Mwili wa mwanaume kwa hii maneno uko hivyo, na nilipaswa kukuambia miaka kumi imepita.

Sababu ya pili ni aibu, na hiyo ndiyo kubwa.

1994 nilikuwa na miaka 20, kijana wa spana hapa Kisumu, nakaa Manyatta kwa chumba kimoja na kaka yangu, yaani baba yako mkubwa ambaye hukumwona. Nilikuwa na msichana alikuwa anajifunza cherehani, mtu mpole sana, alikuwa ananiletea chakula kwa sufuria ndogo imefungwa na leso. Wakati huohuo nikaenda disko matanga kule Seme, unajua vile hizo usiku zinaendaga, ngoma hadi asubuhi na marehemu yuko hapo kwa hema, nikalala na mtu ambaye hata jina sikuuliza vizuri. Siku tatu au nne baadaye nikienda haja ndogo ni kama nakojoa pilipili, na asubuhi nikaona usaha kwa nguo ya ndani.

Hospitali sikuenda. Muuguzi wa pale karibu alikuwa anatuona kanisani kila Jumapili, niliona heri nife. Nikaenda stage ya mabasi kulikuwa na mtu anauza dawa kwa katoni, sikueleza kitu aliniangalia tu akajua, akanihesabia kapsuli za rangi mbili akazifunga kwa kipande cha gazeti. Nakumbuka hicho kipande hadi leo, kilikuwa na picha ya mchezaji wa Gor Mahia nusu uso. Nikameza siku mbili, maumivu yakaisha, nikaona nimepona na stori imeisha hapo.

Yule msichana wa cherehani sikumwambia. Nililala naye katikati ya hizo siku na sikumwambia kitu, na yeye hakuwa na dalili hata moja, hakulalamika. Tukaachana baada ya miezi michache mambo ya kawaida ya vijana. Baadaye sana, wakati mamako alikuwa na mimba ya dada yako, muuguzi akatueleza kliniki kwamba kisonono na klamidia kwa mwanamke mara nyingi hazionyeshi dalili, zinapanda polepole hadi kwa mirija ya uzazi zinaacha makovu, mirija inaziba, na mwanamke anakuja kujua siku anatafuta mtoto. Nilikaa kwa hiyo benchi nikaskia masikio yanalia. Mamako mwenyewe nilimuoa bila kupima chochote, ni Mungu alituhurumia tu.

Halafu 2003 nikakutana na dada wa yule msichana soko la Kibuye, ananunua nguo za mtumba. Tukasalimiana. Nikauliza huyo mwingine yuko aje, akaniambia aliolewa upande wa Ugunja, miaka saba hakuna mtoto, mume ameleta mwanamke mwingine ndani ya boma. Alisema tu kama mtu anasema habari ya kawaida akaendelea kuchagua nguo.

Siwezi kusema ni mimi, kunaweza kuwa na sababu mia. Siwezi pia kusema si mimi. Nimekaa na hilo swali zaidi ya miaka 20 na ndilo lilinifunga mdomo kila nikitaka kukukalisha, juu ningekuambia jichunge na wewe ungeniuliza baba wewe ulijichunga aje?

Kuhusu baba yako mkubwa nitasema kidogo. Alianza kukonda 1995, watu wakasema ni chira, amevunja mwiko fulani, tukazunguka kwa waganga na manyasi, yaani dawa za miti shamba, za kila aina, pesa ya garaji yote iliishia huko. Alikufa 1996. Serikali ilikuja kutangaza ukimwi ni janga la taifa 1999, yeye alikuwa ameshazikwa miaka mitatu. Hakuna aliyempima na hakuna aliyesema hilo neno kwa mazishi yake.

Sasa nakuja kwa msichana wako. Mwanangu huyo mtoto wa watu amekufanyia heshima ambayo mimi sikufanyia mtu. Enda. Kupima virusi vya ukimwi kwa hospitali ya serikali ni bure, wanadunga kidole, unangoja dakika kama 20, kila mtu anapewa majibu yake kwa siri. Lakini skiza hapa, ukifika useme tu nimekuja kupima wanaweza kukupima HIV peke yake, kwa hivyo uliza kaswende pia, na kama hayo ya kampasi yaliwahi kukuchoma au kukutoa kitu, mwambie huyo daktari wazi, usifanye kama mimi. Dawa ya kununua barabarani usiguse, siku hizi kisonono kimezoea dawa nyingi na ukimeza nusu unakifundisha tu ujanja. Na ukipatikana nacho lazima msichana atibiwe pamoja na wewe ata kama yeye haskii kitu. Na kama kuna jambo limetokea hizi wiki za karibuni, kipimo kinaweza kukosa kuonyesha saa hii, utarudia baada ya miezi mitatu.

Hayo ya kampasi sitakuuliza. Ukitaka kuniambia utaniambia.

Na ikitokea majibu ni mabaya, dunia haijaisha. Hii si 1996. Mtu akianza dawa mapema akameza kila siku hadi virusi visionekane kwa kipimo anaishi miaka yake na hamwambukizi mwenzake kitandani. Kaka yangu angepata hizo tembe saa hii angekuwa anabishana na mimi mambo ya mpira.

Kitu kingine kinanisumbua ni hii tohara yenu. Sisi Wajaluo hatukuwa nayo, babu yako aling'olewa meno sita ya chini na huo ndio ulikuwa utu uzima. Halafu ukafanyika utafiti wa tohara hapahapa Kisumu, ukasimamishwa kabla ya wakati wake Desemba 2006 juu walikuwa wameshaona inapunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa virusi na mwanamke kwa karibu asilimia 60, na kutoka 2008 vijana wa Nyanza wakaanza kupelekwa kwa wingi. Wewe nilikupeleka 2014 likizo ya Agosti, ukatembea na kanga ya mamako wiki nzima. Nilikupeleka kwa roho safi lakini sikukueleza, na naskia vijana hapa Kondele wakisema mimi nimetahiriwa niko sawa. Hauko sawa. Asilimia 60 si mia, na huyo mwanamke yeye hakingwi moja kwa moja. Kondomu bado ni kondomu, na usiweke kwa walleti ukaikalia miezi, joto linaiharibu.

Hizo tembe za P2 vijana wananunua kama peremende Jumatatu asubuhi, zinasaidia kuzuia mimba ndani ya saa 72 na mapema ndio bora, lakini ugonjwa hazizuii hata mmoja. Kwa virusi kuna dawa tofauti inaitwa PEP, hiyo nayo lazima uanze kabla ya saa 72 kuisha na unameza siku 28, iko hospitalini. Weka hiyo akilini, ata kama ni ya rafiki.

Mimi kama babako ningependa msubiri hadi ndoa. Nasema wazi nisije nikaonekana naficha. Kanisa linasema hivyo na mimi naamini, lakini pia kuna kitu nimeona kwa macho yangu, watu wakishalala pamoja mapema wanaacha kuulizana maswali. Mimi na yule wa cherehani hatukuwahi kuongea kitu cha maana baada ya mwezi wa kwanza, tulikuwa tunakutana tu. Nyinyi mmekaa miezi nane na bado mnaongea hadi mambo ya kupima, hiyo ni mali. Mkisubiri nitafurahi sana. Mkishindwa kusubiri, bado nataka uwe mzima na yeye awe mzima, na usinifiche.

Na mdogo wako yuko na miaka 17. Nitamkalisha wikendi hii lakini na wewe mwambie, wewe anakuskiza. Mwambie sheria ya makosa ya ngono ya 2006 haijali kama msichana alikubali, akiwa chini ya miaka 18 hajakubali kitu. Sheria imeandika kifungo kisichopungua miaka 15 kama msichana ni wa 16 au 17, na miaka 20 kama ni wa 12 hadi 15. Mvulana anafikiria ni girlfriend, mzazi wa msichana anafika polisi, na ni hapo shule inaisha. Sitaki kumtembelea jela ya Kodiaga.

Alhamisi sina gari kubwa la kutengeneza. Nikitoka hapa na matatu ya saa kumi na mbili asubuhi saa nne hivi niko Nakuru, kama unataka mtu wa kukaa na wewe kwa benchi. Msichana si lazima ajue niko, naweza kukaa nje hapo kwa wauza chai. Nitumie tu neno moja, kuja au usikuje.

Hii barua nimemsomea mamako kabla ya kukutumia, juu hiyo ya 1994 ata yeye alikuwa haijui. Alikuwa anachagua omena kwa ungo. Alinyamaza muda mrefu, akaendelea kuchagua, halafu akaniambia tuma.

Babako