Mbona amonia wanaipika kwenye joto kali?

SWALI: Shikamoo mwalimu, niko fomu faivu, tumefundishwa mmenyuko wa naitrojeni na haidrojeni kutengeneza amonia unatoa joto, so ukipandisha joto amonia inapungua, sasa mbona viwanda vya mbolea wanapasha mpaka nyuzi 450? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba mwanangu, swali zuri sana hili. Hapo kuna vitu viwili, kiasi na kasi. Kwenye baridi ungepata amonia nyingi kweli, ila ungesubiri mpaka uchoke, maana naitrojeni imeshikana kwa bondi tatu na molekuli zikigongana kinyonge haivunjiki, joto ndo linazipa nguvu. Presha nayo inazisogeza, ukiibana gesi ibaki nusu ya nafasi yake zinabanana mara mbili, migongano inaongezeka, na tena hapa molekuli nne (moja ya naitrojeni, tatu za haidrojeni) zinazaa mbili tu za amonia, zinazochukua nafasi ndogo, kwa hiyo presha inaongeza hata kiasi. Ndo maana wanabana kama mara 200 ya presha ya hewa, wanaweka chuma kama kichocheo, yaani kitu cha kuharakisha mmenyuko, na bado kila mzunguko ni kama asilimia 15 tu inageuka! Amonia inapozwa mpaka iwe kimiminika inatolewa, gesi iliyobaki inarudishwa ndani. Kiwanda cha Oppau, Ujerumani, kilianza hivyo 1913.