Kabla ya kuagiza mabomba ya shokapu, pima unene

Kaka, umesema pikipiki yako ya kruza inavuja oili kwenye shokapu za mbele, na muuzaji wa mabomba yake amekuomba urefu tu. Urefu peke yake hautoshi; anahitaji na unene, yaani kipenyo cha nje cha bomba. Pikipiki za Harley-Davidson pekee zimetoka na mabomba ya milimita 39, 41 na 49, na la 41 haliingii penye 39 hata uligonge nyundo. Azima venia kalipa, kile kipimo cha taya mbili cha kupimia unene, kwa fundi wa kuchonga vyuma, futa vumbi, kisha pima ile sehemu inayong'aa juu ya sili, ule mpira unaozuia oili isitoke. Tepu ya fundi cherehani hapana.

Urefu upime bomba likiwa limetolewa, ncha hadi ncha, bila kifuniko. Bomba refu kuliko la awali litainua pua ya pikipiki, na usukani utakuwa mzito kwenye mwendo mdogo. Wewe unayepanda mlima Kitonga nyuma ya malori, nakusihi usilijaribu.

Halafu pitisha ukucha juu ya bomba taratibu, hasa pale sili inapopita. Ukikwaruza kwenye kitobo cha kutu, sili mpya itachanika upesi. Kama ni laini na limenyooka, badilisha sili na oili tu, pande zote mbili.