Ukipima diski, usihesabu majina

Programu yangu ndogo ya kupima matumizi ya diski iliwahi kuniambia kwamba folda ya nakala rudufu ina GB 900. Diski yenyewe ilikuwa ya GB 500. Nilicheka kwanza, kisha nikafungua msimbo.

Kumbe nilikuwa nahesabu majina, si faili. Kwenye Linux na jamaa zake, jina ni kibandiko tu. Data iko chini ya inodi, yaani rekodi yenye namba inayoeleza faili na mahali data yake ilipo, na inodi moja yaweza kubandikwa majina hata kumi. Kila jina la namna hiyo ni kiungo kigumu (hard link). Zana za kuhifadhi nakala zinaupenda mtindo huu: faili ambayo haijabadilika tangu jana hainakiliwi tena, hupewa tu jina katika folda ya leo. Mimi nikawa naijumlisha upya kila siku.

Nikaweka orodha ya namba za inodi zilizokwisha kuhesabiwa. Namba ikijirudia, ruka. Jumla ikashuka, nikalala vizuri. Siku nilipochomeka diski ya pili, jumla ikawa ndogo mno. Namba ya inodi ni ya kipekee ndani ya mfumo mmoja wa faili tu. Diski mbili za ext4 (mfumo wa faili wa Linux), kwa mfano, kila moja ina folda ya mzizi yenye inodi namba 2. Faili zilizogongana namba zilirukwa kimyakimya, na hitilafu hii naiogopa kuliko ya kwanza: jumla ikizidi ukubwa wa diski utashtuka, lakini ikipungua nani ataona? Katika taarifa ambazo stat hutoa kuhusu faili, tunza jozi ya st_dev (namba ya kifaa) na st_ino (namba ya inodi), usitegemee st_ino peke yake.

Orodha hiyo isijae ovyo. st_nlink, yaani idadi ya majina ya faili, ikiwa 1, hesabu faili uendelee. Saraka, yaani folda, ziache nje, maana kwenye mifumo mingi st_nlink yake ni zaidi ya 1 kwa sababu ya majina "." (folda yenyewe) na ".." (folda mama). Ukubwa nao utoe kwenye st_blocks (vipande vya baiti 512 vilivyotumika kwenye diski) mara 512, si st_size (urefu wa faili).

Kilichonisumbua zaidi ni swali la nani abebeshwe mzigo. Majina mawili yakiwa katika folda mbili, du, amri ya Linux ya kupima matumizi ya diski, huitoza folda inayokutwa kwanza. Ndiyo maana nilifuta folda iliyoonyesha GB 40 na nafasi haikuongezeka hata kidogo: majina mengine yalikuwa hai kwingine. Sasa naonyesha safu mbili, ukubwa wa folda na nafasi itakayorudi ikifutwa. Ya pili hujumlisha faili zile tu ambazo idadi ya majina yake yaliyokutwa ndani ya folda inalingana na st_nlink.

Jaribio langu ni rahisi: faili ya MB 100 katika folda a, kisha kiungo kigumu chake katika folda b kwa amri ya ln, kisha "du -sh a b" na "du -sh b a". Folda inayotajwa pili hubaki na kilobaiti chache. Faili hiyo usiitengeneze kwa truncate, amri inayoweka ukubwa wa faili bila kuandika data. Itakuwa na matundu matupu, nawe utapoteza jioni nzima ukitafuta MB 100 ambazo hazikuwahi kuandikwa.