Ukienda kusoma kwenye theluji, anzia kilima kidogo cha jiji

Koti langu la kwanza la theluji nililinunua kwenye mitumba ya Mwanjelwa, jijini Mbeya, miaka kadhaa kabla sijawaza kusafiri. Kwenye zipu yake kulikuwa na waya mwembamba ulioshika karatasi iliyofifia maandishi, nami niliukata nikidhani ni lebo ya bei. Nilipofika Toronto, Kanada, ndipo nilipotambua kwamba ile ilikuwa tiketi ya kupandia kilima cha skii, yaani mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa vibao viwili virefu vyembamba vinavyofungwa miguuni. Makoti ya aina hiyo ndiyo yanayowasitiri waendesha bodaboda wa Uyole na Makete alfajiri za Juni na Julai, kwa hiyo kijana unayejiandaa kwenda masomoni usiyapite: koti lisilopitisha maji wala upepo litakufaa huko kuliko jipya la kupendeza.

Jambo ninalotaka kulisisitiza ni mahali pa kujifunzia skii. Jiji la Toronto linamiliki vilima viwili vya skii, Earl Bales na Centennial Park, na linaviendesha kwa ajili ya wakazi wake kama linavyoendesha mabwawa ya kuogelea. Earl Bales hakifiki hata mita 50 kutoka chini hadi juu. Mtu aliyekulia chini ya Loleza, mlima wenye kimo cha mita 2,656 juu ya usawa wa bahari, akikitazama kwa mara ya kwanza atakiona kama tuta, na mimi nilikiona hivyo; nikakubali mwaliko wa wenzangu wa kwenda mlima mkubwa nje ya jiji, nikapanda lifti ya viti vinavyoning'inia kwenye waya hadi juu ilhali sijui hata kusimama. Nilianguka mara tatu, goti likateguka, nikateremka njia yote iliyobaki kwa miguu huku nimebeba skii begani. Mwezi mzima nilipanda ngazi za bweni kwa shida.

Goti lilipopona nilijiandikisha darasa la wanaoanza kwenye kilima cha jiji, na huko nikagundua kosa ambalo sisi watu wa milimani tunalibeba miguuni bila kujua. Tunapoteremka Loleza wakati wa masika, njia ikiwa tope tupu, tunaegemea nyuma na kukita visigino. Kwenye skii, ukiegemea nyuma, ncha za mbele zinakuwa nyepesi, huwezi kuziongoza, na mwendo unazidi. Mwalimu alipiga magoti mbele yangu, akachomeka kidole kati ya muundi wangu na ulimi wa buti, akaniambia nikibane kidole hicho kwa kukunja magoti na kusogeza mwili mbele. Kila alipohisi kidole kimelegea, alinisimamisha. Ilinichukua masomo mawili kuacha mazoea ya miaka ishirini.

Baada ya hapo hufuata kabari: unasogeza ncha za mbele za skii zikaribiane, unatanua za nyuma, na kingo za ndani zinakwaruza theluji hadi usimame. Jifunze hili kwanza, kwenye eneo la chini kabisa lenye mteremko mdogo, kabla ya jambo lingine lolote. Ukiona unaanguka, anguka ubavuni, wala usijikinge kwa kunyoosha mkono, maana kifundo cha mkono huvunjika.

Mavazi ni jambo dogo ila lina madhara yake. Vaa soksi jozi moja tu, kwa kuwa mbili hujikunja ndani ya buti na kuzuia damu kupita. Acha jinzi nyumbani, na glavu za kufuma pia, kwani hulowa mapema.

Chagua na siku. Sehemu kubwa ya theluji ya vilima hivi hutengenezwa kwa mashine zinazopuliza maji pamoja na hewa iliyogandamizwa wakati wa baridi kali. Mvua ikinyesha, kisha usiku baridi ikarudi, asubuhi kilima kizima huwa barafu ngumu isiyomfaa anayeanza. Nafasi za madarasa nazo huisha mapema, hivyo jiandikishe kabla majira ya baridi hayajaanza.

Utakapoweza kusimama pale ulipokusudia, mara kumi mfululizo, panda lifti ya viti ya kilima hicho hicho, ushuke njia yenye alama ya duara la kijani, ambayo Amerika Kaskazini ndiyo njia rahisi kuliko zote.