Farasi kukakamaa baada ya kushuka milima: si asidi, ni nyuzi zimechanika

Mkuu, umesema farasi wako alirudi mzima kutoka milimani, kesho yake akawa anatembea kama amefungwa kamba miguuni, ukauliza kama ni asidi ya lakitiki, ile ambayo misuli huitoa ikifanya kazi ngumu, imeganda humo. Hiyo asidi isahau. Huwa imeshaondoka ndani ya saa chache, wakati ukakamavu unakuja kesho yake.

Nimefanya kazi maabara, nikikata misuli ya panya waliokimbizwa kwenye mashine na kuitazama kwa hadubini. Waliopandishwa mlima walihema zaidi, lakini walioumia misuli ni walioteremshwa. Kwenye mteremko msuli unajikaza huku uzito wa mwili unauvuta urefuke. Vipande dhaifu vya uzi wa msuli, yaani seli ndefu inayoujenga, huvutika kupita kiasi, utando unatoboka, kalsiamu inaingia ndani na kuamsha vimeng'enya vinavyoanza kukata protini za uzi wenyewe.

Siku ya pili ukitazama, uzi ulioumia umevimba, umepauka, na seli nyeupe za damu zimejazana ndani yake. Za kwanza hufika ndani ya saa chache, kisha zinafuata makrofeji, ambazo ndizo wasafishaji hasa. Ndiyo maana mimi sipendi haraka ya kumpa mnyama dawa za kuzuia uvimbe kwa kila ukakamavu: makrofeji hizo hizo ndizo zinazoziamsha seli za akiba.

Seli hizo, ambazo mtafiti Alexander Mauro alizieleza mwaka 1961 kutoka kwenye misuli ya chura, hulala pembeni ya uzi chini ya ganda lake. Uzi ukiumia zinazaliana na kuungana nao. Uzi mpya utautambua kwa viini vyake: vimepangana katikati, wakati vya kawaida hukaa pembezoni.

Kwa hiyo mpumzishe siku chache, kisha mrudishe na miteremko mifupi. Zoezi moja jepesi la kushuka huukinga msuli kwa wiki kadhaa zinazofuata.

Ila akitoka jasho jingi, akagoma kutembea, misuli ya nyuma ikawa migumu na mkojo wa kahawia iliyokoza, hayo si maumivu ya kawaida. Nyuzi zimekufa kwa wingi, na protini inayotoka humo inaweza kuharibu figo. Usimlazimishe hata hatua moja. Muite daktari wa mifugo hapo hapo alipo.