Mimi nilirithi kaunta buku

Swali lenu la wiki hii mmeuliza, umerithi nini kwa mama au bibi yako ambacho ukikipeleka sokoni hakuna wa kukinunua. Mimi jibu langu ni kaunta buku, lile daftari nene la kwaya mbili, jalada limetoka, kurasa zinanuka moshi wa jikoni.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa wa Kilema, kule Kilimanjaro. Kilema ndo moja ya misheni za zamani kabisa mlimani, mapadre wa Roho Mtakatifu walifika 1890, na bibi alivyokuwa anaisimulia utadhani ni yeye aliyewapokea mizigo. Misa ya kwanza hakosi, mvua inyeshe isinyeshe, sala ya jumuiya na majirani hakosi, kitenge cha WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, kimepigwa pasi ya mkaa mpaka kinasimama chenyewe. Ila msimfikirie mtakatifu sana jamani. Rozari ya jioni alikuwa anaianzisha yeye halafu kufika tendo la nne anakoroma, na ukijaribu kuruka hata Salamu Maria moja anafumbua jicho anakufinya.

Mwaka 2002 Papa Yohane Paulo wa Pili alipoongeza Matendo ya Mwanga kwenye rozari bibi aligoma kabisa, akasema yeye amefundishwa matendo kumi na tano, hayo mengine wasali wenye magoti mapya. Kilichomrudisha ni kwamba ni Papa yule yule aliyekuja Moshi Septemba 1990 na bibi alikuwepo, alisimama juani toka alfajiri akamwona kwa mbali mweupe kama kijiti cha chaki, basi akasema haya, kama ni yule, tusali. Alhamisi ikawa ya mwanga.

Sasa daftari. Humo aliandika majina ya marehemu, na kila Novemba, mwezi wa kuombea marehemu, baada ya kula mtori, supu yetu ya ndizi, tunakaa jikoni anayasoma moja moja, sisi tunaitikia na mwanga wa milele uwaangazie, watoto tunasinzia, jina linalofuata. Kwa kuwa majina ya ubatizo yanafanana aliweka alama pembeni, "wa dukani", "wa kwaya", "aliyenipa mbuzi". Namba tatu hana jina, ameandikwa tu "mtoto". Mama yangu alikuwa na miaka hamsini na kitu alipoelewa kwamba kabla yake alizaliwa mwingine.

Bibi alifariki 2019 na mimi ndo nikapewa daftari kwa sababu naweza kusoma ule mwandiko wake. Nikafika namba 41 nikasimama. Jina la jirani yetu wa upande wa chini, pembeni limeandikwa "wa mpakani".

Hapa wasio wa kwetu niwaelezee kidogo. Mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, unapandwa masale, yale majani marefu ya kijani, na isale hilo hilo ndo la kuombea msamaha, ukimkosea mtu unampelekea jani na akishaletewa kukataa ni aibu kubwa. Huyu mzee mimi nikiwa darasa la tatu aling'oa masale usiku akayapanda upya hatua mbili ndani kwetu, migomba minne ikawa yake. Asubuhi bibi alisimama pale mpakani akaongea Kichaga ambacho hata leo siwezi kukiandika hapa. Wazee wakaja, wakakaa, wakanywa mbege yetu, pombe ya ndizi, wakaondoka, masale yakabaki yalipo. Yule mzee hakuwahi kuleta isale hata siku moja, miaka kumi na nane, wanakutana kanisani wanapeana amani ya Kristu kwa ncha za vidole. Mzee alipokufa, bibi alipeleka mkungu wa ndizi msibani, akarudi, akafunga mlango. Kumbe alikuwa anaandika. Na ina maana Novemba zote zile tumemwombea na sisi hatukushtuka, kwa sababu alama za pembeni bibi hakuwa anazisoma kwa sauti.

Mimi binafsi ningekwenda baraza la ardhi la kata, nasema ukweli.

Novemba iliyopita jumuiya ilisali kwetu na msomaji nilikuwa mimi. Nilipofika 41 nikaona kijana wake mkubwa amekaa karibu na mlango, kofia mapajani, nikasoma jina la baba yake, akainua kichwa ghafla akanitazama, hata kuitikia akachelewa. Kesho yake asubuhi natoka kukata majani ya ng'ombe nikakuta kwenye kizingiti isale moja bichi, limefungwa fundo. Nimelitia kwenye daftari, ukurasa ule ule. Migomba bado iko kwao.